Mionzi ya Asili Nyumbani kwa Mama Justina

KITUO CHA UPIMAJI WA MIONZI KATIKA MAZINGIRA
SHINYANGA
Kumb. Na. MZ/GT/14
6 Januari 2025

Ndugu Apolonia Wiliam,
Kalangalala, Geita.

YAH: KUWEKWA KWA KIPIMA MIONZI KATIKA MAKAZI YAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kituo kinakushukuru kwa kukubali kipima mionzi kiwekwe kwenye baraza yako. Kifaa hicho, chenye ukubwa wa kiberiti, kinarekodi mionzi iliyopo katika mazingira: ile inayotoka ardhini, na mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa zamani na mataifa mengine, ambayo vumbi lake lilisambaa angani na kuanguka na mvua. Kifaa chenyewe hakina madhara.

Unaelekezwa kwamba kisifunguliwe, kisioshwe, na kisiondoke kwenye uangalizi wako wakati wowote. Kitabadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Taarifa yoyote iwe kwa maandishi, kwa kuwa maelezo ya simu hayaingii kwenye jalada.

Donatus Masalu
Fundi Sanifu
Nakala: Mtendaji wa Mtaa


Kalangalala, Geita
Jumapili, 19 Januari 2025

Mtaalamu Donatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata kwa Bwana Kamili, mtendaji wetu, ikiwa imeshafunguliwa. Anasema nakala yake na yangu zilishikana.

Umesema taarifa ziwe kwa maandishi, basi naandika, japo niliishia darasa la saba huko kwetu Ushirombo na mistari yangu inapanda mlima. Kipimo kiko salama. Sijakifungua. Sijakiosha, ingawa kimeshika vumbi na mikono inaniwasha nikikiona. Kwenye uangalizi wangu hakijaondoka hata dakika moja, na mume wangu Wiliam anasema yeye sijawahi kumwangalia hivyo tangu tufunge ndoa.

Hayo mabomu nimeyawaza sana. Walipigana na nani, na sisi wa Kalangalala tuliingiaje? Kama utaruhusiwa kunijibu, nijibu.

Nikueleze na jingine, maana karatasi bado ina nafasi. Jumuiya yetu ni ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Kila tarehe moja Oktoba, siku ya somo wetu, Padri Gregory anakuja kusoma Misa nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja. Nina miaka kumi na moja kwenye mtaa huu, na miaka yote kumi na moja nimebeba viti vyangu kichwani kwenda kwa wengine. Mwaka huu ni kwangu. Wiliam analinda kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na ameahidi kuusakafia uwanja kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo ukija kubadilisha kipimo usishangae kukuta mchanga na kokoto. Si uchafu, ni maandalizi.

Wako katika Kristo,
Apolonia, Mama Justina


Kumb. Na. MZ/GT/14/2
22 Aprili 2025

Ndugu Apolonia Wiliam,

YAH: MATOKEO YA ROBO YA KWANZA

Kipima kilichokuwa nyumbani kwako kimesomwa. Kiwango ni cha kawaida, na karibu chote ni mionzi ya asili. Hakuna hatua inayohitajika. Kipima kipya uliachiwa mapema mwezi huu na maelekezo ni yale yale.

Kuhusu swali lako la mabomu, hakuna aliyekuwa akipigana. Walikuwa wanajaribu tu.

Donatus Masalu
Nakala: Mtendaji wa Mtaa


Kalangalala
Jumapili, 4 Mei 2025

Mtaalamu Donatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, umeniweka pabaya, na najua hukukusudia.

Safari hii Bwana Kamili alimpa barua yangu shemeji yake Martina, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, eti tutaonana kwenye sala ya Jumatano. Tukasali vizuri. Matangazo yalipofika, Martina akaitoa bahasha, akampa katibu wetu Loveness aisome, akisema barua ya serikali haina mwenyewe, ni ya wote. Loveness ana sauti nzuri, ndiye anayesoma masomo kanisani. Akasoma kama Waraka kwa Wakorintho, mpaka alipofika pale kwamba nyumbani kwangu kuna mionzi ya asili. Akaigeuza bahasha kuangalia jina.

Mtaalamu, neno asili huku kwetu unalijua? Mganga akibandika kibao chake kwenye nguzo ya umeme anaandika "dawa za asili". Mtu akisema "fulani anafuata mambo ya asili", hamaanishi ngoma za shuleni, anamaanisha kuna kibuyu uvunguni. Mama aliyekaa karibu nami alivuta kiti chake pembeni, polepole, kama anapisha siafu.

Martina akaniuliza kwa sauti ya kufariji, ile inayouma zaidi:

"Mama Justina, hayo ya asili umeanza lini?"

Nikasema sina ya asili mimi. Akasema serikali imepima. Halafu akaeleza kwamba kwa usalama wa Padri ni afadhali Misa ya somo ihamie kwake, ambako kuna vigae mpaka barazani. Wamekubaliana wamwone Padri Gregory mwisho wa mwezi.

Nakuomba uandike barua nyingine ya kueleza. Andika kwa maneno ya watu.

Mama Justina


Kumb. Na. MZ/GT/14/3
12 Mei 2025

Mama Justina, shikamoo.

YAH: UFAFANUZI WA MIONZI YA ASILI

Kituo kinasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Barua hii inaweza kusomwa mbele ya jumuiya.

Mionzi ya asili haikuletwa na mtu yeyote wa sasa. Ilikuwepo kabla ya mababu zetu. Inatoka kwenye mawe na udongo, hasa penye miamba kama ya Geita, na mingine inashuka kutoka juu. Haionekani, haisikiki wala haina harufu. Kiasi kidogo kimo ndani ya miili yetu tangu tumboni mwa mama, na hata ndani ya ndizi. Inapatikana katika kila nyumba.

Natumaini ufafanuzi huu utaondoa hofu.

Donatus Masalu
Nakala: Mtendaji wa Mtaa


Kalangalala
Jumapili, 1 Juni 2025

Mtaalamu Donatus,

Marahaba, mwanangu. Ufafanuzi wako ulisomwa. Kwenye "kabla ya mababu" Martina alitikisa kichwa kama mtu aliyepata ushahidi. Kwenye "haionekani, haisikiki" watu watatu walifanya ishara ya msalaba. Na kwenye ndizi, mama aliyekuwa ameleta chane moja ya kugawana alikisukuma kikapu chini ya kiti na hakikutoka tena.

Aliyeniokoa ni Padri Gregory. Aliisoma barua yako mara mbili, miwani puani, akaicheka kidogo, halafu akauliza nani kati yao anaishi kwenye nyumba isiyogusa ardhi. Akasema, "Basi ya asili mnayo wote, na aliyeiumba ndiye mnayemsalia. Misa iko kwa Mama Justina." Martina akasema amina, lakini amina yake ilikuwa fupi.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu Jumanne nilishinda hospitali kumwona mgonjwa. Anaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Kipimo nacho hakijambo.

Asante, wabeja sana,
Mama Justina


Kumb. Na. MZ/GT/14/5
8 Septemba 2025

Ndugu Apolonia Wiliam,

YAH: ONGEZEKO LA MIONZI LISILO LA KAWAIDA KATIKA MAKAZI YAKO

Kipima cha Aprili hadi Juni kimesomwa, na kikarudiwa kusomwa. Kiwango ni mara tatu ya robo ya kwanza. Hakuna nyumba nyingine Geita yenye ongezeko hili.

Kwa utaratibu wetu, kikosi cha watu wanne kitafika kwako kukagua Jumatano, tarehe 1 Oktoba 2025, kuanzia asubuhi. Eneo litazungushiwa utepe wa tahadhari, na mikusanyiko haitaruhusiwa hadi ukaguzi ukamilike. Usiwe na hofu.

Donatus Masalu
Nakala: Mtendaji wa Mtaa


Kalangalala
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mtaalamu Donatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Kamili ameniletea barua mwenyewe mpaka mlangoni, amevaa barakoa.

Mwanangu, tarehe moja Oktoba ni Misa yangu. Nilikuambia tangu Januari, imo kwenye jalada lako. Njoo tarehe mbili. Njoo na watu arobaini, nitawapikia wote, lakini tarehe mbili.

Na hilo ongezeko nimelifikiria. Inawezekana ni mbolea ya Wiliam aliyoilaza karibu na baraza. Inawezekana ni kokoto. Mwezi wa tano kulikuwa na jua kali sana upande ule, nadhani lilikipata. Au mbuzi wa jirani, maana ana tabia ya kujikuna pale ukutani. Andika mojawapo, yoyote utakayoona inafaa.

Martina ameshaanza kupanga viti kwake.

Mama Justina


Kumb. Na. MZ/GT/14/6
17 Septemba 2025

Mama Justina, shikamoo.

Nimeomba tarehe ibadilishwe, imekataliwa kwa kuwa gari limeshapangwa. Jua na mbuzi havitoi kiwango kile, na mbolea haitoshi.

Ukaguzi unaweza kusitishwa kwa jambo moja tu: maelezo ya maandishi ya kweli yanayoeleza ongezeko lilitoka wapi. Kwa hiyo naomba ujibu ndiyo au hapana. Je, kipima kiliwahi kuondolewa kwenye msumari wake? Je, kiliwahi kufika karibu na mashine ya eksirei?

Donatus Masalu
Nakala: Mtendaji wa Mtaa


Kalangalala
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mtaalamu Donatus,

Ndiyo. Na ndiyo.

Barua hii simpi Bwana Kamili. Nampa kondakta wa basi mkononi, na nakuomba kwa jina la Mama Maria usiiwekee nakala.

Uliandika kwamba kipimo kisiondoke kwenye uangalizi wangu wakati wowote. Mimi nikasema, nikienda sokoni nikakiacha ukutani, nani anakiangalia? Nikakibana kwa pini ndani ya shimizi, pamoja na skapulari yangu, kile kitambaa cha Mama Maria ninachovaa shingoni. Nimekwenda nacho sokoni, kwenye sala, na kwenye msiba kule Mwadui siku tatu. Siku mliyokuja kubadilisha nilikirudisha msumarini mapema mkakikuta kimetulia. Nilijua nafanya vizuri.

Sasa ya hospitali. Mgonjwa niliyekwenda kumwona ni mimi. Nilikohoa tangu Kwaresima, kikohozi kikavu kisichosikia tangawizi. Kaka yake Wiliam, marehemu Innocent, alianza hivyo hivyo. Alichimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, miaka kumi na minne, kifua kikaziba vumbi, tukamzika hana kilo arobaini. Wiliam ndiye aliyekuwa anamgeuza kitandani. Nilikuwa nakoholea kwenye kanga, nikiwa jikoni, ili asisikie. Nikamwambia nakwenda kumwona mgonjwa.

Kwenye chumba cha picha fundi aliniambia nivue mkufu, hereni na rozari. Nikavua. Kipimo sikuvua, maana si changu, ni cha serikali. Akapiga. Akaangalia kwenye kioo chake, akaniuliza kwa upole:

"Mama, umemeza nini cha mraba?"

Nikasema sijameza kitu. Akasema turudie. Nikaona kumbe ndicho, nikakihamishia mgongoni. Akapiga, akaangalia muda mrefu, akasema kimehamia upande wa pili. Akamwita na mwenzake aje aone. Ndipo nikakitoa nikawaonyesha. Wakacheka, halafu wakanigombeza, wakapiga ya tatu kipimo kikiwa mezani kando yangu. Hizo ndizo mara tatu zako, nadhani.

Daktari amesema si ugonjwa niliouogopa. Ni nimonia ya zamani iliyoacha kovu, akanipa dawa, nirudi Novemba apige nyingine kulinganisha. Kikohozi kimeisha.

Hayo ndiyo ya kweli. Lakini Bwana Kamili akipata nakala, Martina amepata. Akisema nilipigwa picha ya kifua, hakuna mtu atakayekula pilau langu, watakaa wanahesabu nikikohoa. Na Wiliam ataisikia mtaani kabla ya kuisikia kwangu. Nisipoandika, mtafunga utepe kwenye uwanja wangu. Nimesali novena nzima, siku tisa, na sijapata njia ya tatu, ndiyo nimekuandikia wewe.

Nisamehe kuhusu mbuzi.

Apolonia


Shinyanga
25 Septemba 2025

Mama Justina, shikamoo.

Barua hii naiandika kwa mkono. Haina kumbukumbu namba na haina nakala.

Nilisoma yako nikiwa ofisini nikalazimika kutoka nje, na mkuu wangu akaniuliza kama nimepata msiba. Nilimwambia ni taarifa ya kitaalamu. Kwenye jalada nimeandika hivi: "Kipima kilifikishwa kwenye mashine ya eksirei kutokana na maelekezo ya kituo ambayo hayakueleweka vizuri. Kosa ni la kituo. Makazi hayahusiki." Nani alikuwa anapigwa picha, jalada halina safu ya kujaza hilo. Na "uangalizi" tumelifuta kwenye fomu zote. Sasa tunaandika: kibaki kwenye msumari.

Mkuu amesitisha kikosi, gari na utepe. Ila safari ya mtu mmoja ameshaisaini, na lazima kipimo cha mkono kipite uwanjani ili jalada lifungwe. Nitakuja peke yangu tarehe moja, na mama akiruhusu nitabaki kwenye Misa. Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, usinitazame sana wakati wa nyimbo.

Kuhusu Mzee Wiliam, hilo kituo chetu hakina kifaa chake. Ila ningekuwa yeye, ningependa kuisikia kwako.

Donatus


Kalangalala
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mwanangu Donatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Ulifika salama? Uliondoka haraka hata kuku wako wa safari umemwacha, tumemla.

Nataka ujue ulichokifanya, maana wewe ulikuwa unaangalia chombo chako kile kinacholia tiki tiki na hukuona nyuso. Ulipoanza kuzunguka uwanjani watu walikuwa wamesimama barabarani, viti vichwani, hawaingii. Umepima sakafu, umepima meza ya altare, umepima mpaka sufuria la pilau, na kile chombo kinalia taratibu tu kama saa ya ukutani. Uliposema "Hapa pako kama Geita yote ilivyo" niliona viti vinashuka kimoja kimoja.

Halafu Martina akakuomba ukapime na kwake, ili na yeye awe na cheti. Mimi nilibaki nakuna nazi, lakini Loveness aliyewafuata amenisimulia. Eti kwenye vile vigae vya barazani tiki tiki ziliongezeka kidogo, na ukamweleza kwamba vigae na mawe ya kung'arishwa vina ya asili zaidi kuliko saruji, ni kawaida, haina shida. Alirudi akakaa kiti cha nyuma kabisa. Nilifurahi sana. Kesho yake nimekwenda kuungama kwa furaha ile, na Padri Gregory amenipa malipizi ya kumpelekea Martina sahani ya pilau kwa mkono wangu. Nimempelekea lile lililobaki, limepashwa moto. Akala. Ameomba mapishi.

Watu sitini na wawili waliketi uwanjani kwangu. Nilikaa mbele, mwanangu. Miaka kumi na moja sijawahi kukaa mbele.

Sasa nikuambie la Wiliam. Nilimwambia Jumanne, siku moja kabla ya Misa. Sikupanga. Alikuwa anamwagilia ile sakafu aliyoimimina, amevua shati, anaimba nyimbo za Misa akikosea maneno, nikaona siwezi kupokea Komunyo kwenye uwanja huu huku nimemdanganya aliyeujenga. Nikamwambia yote pale pale, kikohozi, hospitali, kovu, kanga niliyokuwa nakoholea, na barua niliyokuandikia.

Alisimama na ndoo mkononi. Nikadhani atauliza daktari alisemaje, au atakasirika kwamba nilimtaja marehemu Innocent kwa mtu wa ofisi. Akauliza kitu kimoja tu:

"Ulikwenda na nani?"

Nikasema, "Nilikwenda na kipimo cha serikali."

Alicheka mpaka akaketi kwenye kokoto. Nami nikacheka. Halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu, akafuta uso kwa lile shati, akasema kikohozi alikisikia tangu Kwaresima. Alikuwa anasubiri nimwambie, kwa sababu naye aliogopa kuniuliza. Tumekaa miezi saba nyumba moja, mmoja anakohoa kwa siri na mwingine anasikia kwa siri.

Nimeitwa hospitali tarehe kumi na nane Novemba. Wiliam ameshaomba ruhusa kwa mwenye karasha. Amepiga pasi shati la Pasaka na kulitundika, na leo asubuhi ameniuliza mara mbili kama kwenye chumba cha picha wanaruhusu watu wawili.

Mama Justina